Venom Hakuokoka Siku Moja

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa hadithi za picha, nawatumia wasomaji wangu sura moja kila wiki kwenye simu. Mhusika wangu anaitwa Chuma. Anamkusanyia madeni mtu mmoja anayekopesha kwa riba, na asiyelipa huvunjwa mkono. Katika sura ya tisa nimemfanya amwokoe mtoto kwenye nyumba inayoungua, na tangu hapo amekuwa mtu mwema. Wasomaji wamenijia juu, wanasema nimemlainisha, wengine wameacha kabisa kusoma. Lakini Venom naye alianza kama adui wa Spider-Man na leo ni steringi mwenye filamu zake. Wenzetu walifanyaje? Na nimpe Chuma sura ngapi za kubadilika? *Mchoraji, Morogoro*

Jibu: Marahaba, kijana wangu.

Niondoe kwanza hilo la mwisho: idadi ya sura haitakusaidia. Ungempa Chuma sura hamsini na bado wangekuambia amelainika, kwa sababu kasi siyo inayowakera. Mtu waliyekuwa wakimfuata amefia ndani ya moto ule, na aliyetoka na mtoto mkononi ni mgeni mwenye sura yake. Yule wa kwanza alikuwa na namna yake ya kuitazama dunia. Huyu mgeni ana wema tu, hana kingine.

Venom umemchagua vizuri. Njia yake ni ndefu, ina matope, na waandishi waliompokea mmoja baada ya mwingine waliharibu hapa na kutengeneza pale.

Mwaka 1984 Spider-Man alianza kuonekana na vazi jeusi katika *The Amazing Spider-Man* namba 252. Wazo la vazi hilo lilitoka kwa msomaji, naye Marvel, kampuni inayomchapisha Spider-Man, wakamlipa dola 220, bei ambayo kila nikiikumbuka nasikia uchungu kwa niaba yake. Baadaye vazi likagundulika kuwa ni kiumbe hai, simbioti, kinachotaka kushikamana moja kwa moja na mwili wa Peter Parker, ambalo ndilo jina halisi la Spider-Man. Mwishowe Peter akaachana nacho kwa msaada wa kengele za kanisa, maana kelele kubwa hukitesa. Kikabaki hakina mwenyeji, kimekataliwa, kina kinyongo.

Aliyekitafutia mwenyeji ni mwandishi David Michelinie. Wazo lake la kwanza lilikuwa mwanamke mjamzito ambaye mumewe anagongwa na teksi kwa sababu dereva ameduwaa kumtazama Spider-Man akipambana. Mama yule anampoteza mume, anampoteza mtoto, na akili inamruka. Mhariri Jim Salicrup akapendelea mwenyeji awe mwanamume. Ndipo mwaka 1988, katika toleo namba 300, tukampata Eddie Brock akichorwa na Todd McFarlane, na akiungana na simbioti ndiye anayeitwa Venom.

Linganisha hao wawili. Mama yule angekuwa na kilio cha haki, na msomaji angemwonea huruma tangu ukurasa wa kwanza. Eddie hana kilio cha haki hata kidogo. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Daily Globe. Mtu mmoja akamwambia kwamba yeye ndiye muuaji anayejiita Sin-Eater, Eddie akaiandika habari ile kwa mbwembwe, halafu Spider-Man akamkamata Sin-Eater wa kweli. Kazi ikaota mbawa, mke akaondoka. Mwandishi mwenye haya angejilaumu kwa kumwamini mtu aliyejitwika uhalifu wa mwingine. Eddie akamlaumu Spider-Man kwa kumkamata muuaji! Siku simbioti ilipomkuta alikuwa kanisani akiomba msamaha, kwa kuwa alikuwa akifikiria kujiua.

Hapo ndipo ilipo mbegu ya kila kilichofuata. Eddie hakujiona mtu mbaya hata siku moja. Kwa macho yake yeye ni mwema aliyeonewa, na sasa amepewa nguvu ili awalinde wasio na hatia. Alipotoroka gereza la Vault alimuua mlinzi aliyekuwa kazini, Hugh Taylor. Lakini katika miaka hiyohiyo alifika nyumbani kwa Shangazi May, bibi kizee aliyemlea Peter, asiyejua lolote, na hakumgusa. Mambo hayo mawili yanakaa katika mwili mmoja bila Eddie kuona kasoro. Huo ni uongo anaojiambia, na ndani ya uongo huo mna kitu cha kweli ambacho mwandishi anaweza kukishika baadaye akakivuta.

Sasa Chuma wako anajiona nani? Kwa ulivyoniandikia, naona anajua kwamba ni mbaya ila hajali. Mhusika wa namna hiyo ni mgumu sana kumgeuza, kwa sababu hana uzi wa kuvuta. Ikibidi awe mwema, lazima apewe wema kutoka nje, na ndivyo ulivyofanya: ukamletea moto na mtoto. Kumbuka si kila mhusika anatakiwa kugeuka. Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la *Sani*, au Juha Kalulu wa *Taifa Leo*, tungewachukia siku wangejirekebisha, maana utamu wao ni kuwakuta walewale kila toleo. Wewe umechagua hadithi inayotembea, na inayotembea hudai sababu.

Katika swali lako umechanganya mambo mawili. Kumfanya msomaji amkubali Venom ni kazi moja, kumfanya Venom abadilike ni kazi nyingine, na Marvel waliimaliza ya kwanza muda mrefu kabla hawajaigusa ya pili.

Hiyo ya kwanza ilisukumwa na soko. Punisher, ambaye alianza mwaka 1974 kama mtu wa pembeni katika hadithi za Spider-Man, alipata mfululizo wake wa kudumu mwaka 1987. Wolverine, mgumu mwingine wa Marvel, akafuata mwaka 1988. Wasomaji wa Marekani wa miaka ile walikuwa na kiu ya watu wagumu wasiowakabidhi wahalifu kwa polisi ili watoroke tena toleo lijalo. Venom alikuwa akiuza magazeti kila alipotokea. Kumwacha awe adui anayeshindwa mara mbili kwa mwaka kulikuwa ni kumwaga fedha.

Njia waliyotumia ilikuwa ya ujanja: hawakumgusa yeye, walimweka mtu mbaya zaidi kando yake. Gerezani Eddie alikuwa chumba kimoja na Cletus Kasady, muuaji wa wengi. Simbioti ilipokuja kumtoa Eddie iliacha nyuma mtoto wake, naye akamwingia Kasady. Mwaka 1992, matoleo namba 361 hadi 363, ikatoka hadithi ya Carnage, yaani Kasady akiwa na simbioti hiyo, anayeua kwa raha, bila kisingizio wala itikadi. Spider-Man anashindwa kumdhibiti na analazimika kwenda kumtafuta Venom kisiwani. Huko Venom alikuwa anaishi kwa amani kabisa, akiamini Spider-Man ameshakufa na kazi yake duniani imekwisha. Hiki ni kipande ninachokipenda mno: adui mkubwa wa shujaa, akidhani ameshinda, hatafuti utajiri wala kutawala dunia. Anakaa ufukweni. Kwa tukio hilo moja Michelinie ametuambia kwamba mtu huyu alitaka kitu kimoja tu maishani, na kwamba bila chuki ile hana sababu ya kumdhuru mtu.

Ukimsimamisha Eddie karibu na Kasady, macho ya msomaji yanajirekebisha yenyewe. Eddie hajafanya jema lolote jipya. Ila sasa tunaona kwamba ana mpaka, na Kasady hana. Katika sura ulizonitumia mkopeshaji ndiye angeweza kufanya kazi hiyo, lakini umemchora amekaa ofisini anavuta sigara. Hajawahi kufanya jambo ambalo Chuma mwenyewe angelikataa.

Mwaka 1993, toleo namba 375, Spider-Man anamwokoa Anne Weying, aliyekuwa mke wa Eddie, gurudumu kubwa la bembea lilipokuwa linaporomoka. Eddie anaona. Wanakubaliana kuachana, kila mtu ashike njia yake. Msomaji wa haraka husema hapa ndipo alipookoka. Soma tena. Eddie hasemi popote kwamba alikosea. Hasemi kwamba Spider-Man hakuharibu maisha yake. Anasitisha vita tu, kwa sababu mtu aliyemwita mwovu amemfanyia jema mtu anayempenda, na hesabu zake hazitoki tena. Ni hatua ndogo mno. Wewe ungeifanya machozi na magoti.

Mwaka huohuo akapewa kitabu chake mwenyewe, *Venom: Lethal Protector*, matoleo sita, Michelinie akiandika na Mark Bagley akianza kuchora. Toleo la kwanza lilikuwa na jalada jekundu linalometameta, maana enzi zile watu walinunua komiki kama akiba ya uzeeni. Eddie anahamia San Francisco na kuwalinda watu wasio na makazi wanaoishi chini ya ardhi, dhidi ya tajiri Roland Treece anayetaka dhahabu iliyofukiwa huko. Wale watu wa chini wanamkubali. Ni kama mtu aliyehama mtaa kukimbia madeni: mtaa mpya wanamwita mheshimiwa, huku duka la mtaa wa zamani bado lina daftari lenye jina lake.

Na daftari likamfuata. Jenerali Orwell Taylor, baba wa yule mlinzi aliyeuawa Vault, anakusanya watu, anawavisha mavazi ya vita na kuwaita Jury. Wanakuja San Francisco kumtafuta aliyemuua Hugh. Kwangu mimi hicho ndicho kitu bora katika kitabu kile, kuliko hata wale watoto watano wa simbioti waliotengenezwa na kampuni ya Life Foundation, ambao naona waliingizwa kuongeza rangi. Mwandishi angeweza kusema mlinzi yule ni mambo ya zamani, gazeti lile limeshauzwa, nani anakumbuka? Badala yake alimpa marehemu baba. Filamu ya mwaka 2018 ilichukua San Francisco, Anne na Life Foundation, ikamwacha baba wa mlinzi. Inachekesha na inapendeza, lakini Eddie wake hana cha kulipa, kwa hiyo usiitumie kama ramani ya Chuma.

Kuhusu wema wenyewe, mwaka 1993 Eddie bado anawaua wahalifu na kulala usingizi. Imani yake ni ileile ya mwaka 1988. Aliyebadilika ni anayepigwa. Wasomaji wamemkubali, kazi ya kwanza imekwisha. Kazi ya pili ilianza pale vitu vilipoanza kumgharimu.

Mwaka 1995, katika *Sinner Takes All*, Anne anapigwa risasi. Eddie anampa simbioti imponye. Inamponya, na akiwa ndani yake Anne anaua wahalifu. Akirudi katika akili zake anatetemeka kwa alichofanya. Kitu ambacho Eddie anakiita baraka kimemvaa mtu anayempenda, na mtu huyo amekitazama na kuona uchafu. Eddie haelewi. Anne hakupona kabisa jeraha lile la ndani, na miaka michache baadaye alijiua. Ukitaka kumwonyesha mhusika sura yake bila kumhubiria, hii ndiyo njia: wazo lake limvae mtu mwingine.

Miaka iliyofuata niruke haraka. Kulikuwa na mifululizo mifupi mingi hadi mwaka 1998, mingine mizuri, mingi ya kupita tu, kisha akarudishwa kuwa adui kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2004 tunamkuta ana saratani, ameipiga mnada simbioti kwa majambazi. Mnunuzi alimnunulia mwanawe, na kijana huyo akafa. Eddie aliona damu ile ni yake, naye akakaribia kujitoa uhai. Kwa mara ya kwanza hakutafuta wa kumlaumu. Ilimchukua miaka kumi na sita ya kuchapishwa kufika hapo.

Mwaka 2008, mikononi mwa Dan Slott na John Romita Jr., Eddie anatumikia katika jiko la msaada la F.E.A.S.T., akigawa chakula kwa maskini. Mguso wa mwenye jiko, Martin Li, unamponya saratani, na mabaki ya simbioti mwilini mwake yanageuka kuwa kitu cheupe, Anti-Venom. Anaona ni mkono wa Mungu. Sasa ana nguvu za kuponya, lakini kichwa ni kilekile: bado anajiona mteule, bado ni mwepesi wa kuua. Nguvu zilibadilika rangi kabla yake.

Kisha mwaka 2011 New York inakumbwa na ugonjwa unaowageuza watu kuwa buibui. Dawa inahitaji nguvu za Anti-Venom zote, zisibaki. Eddie anazitoa. Anabaki mtu wa kawaida, hana vazi wala uteule, na waliopona wengi hawatajua jina lake. Mimi nikiulizwa ni lini Eddie Brock alifanya jema la kwanza kamili, nitataja hapo. Mengine yote kabla ya hapo yalimpa kitu: sifa, kisasi, raha ya kujiona mlinzi. Hili lilimnyang'anya.

Basi hadithi ingeishia hapo? Mwaka uliofuata Eddie, bila nguvu, anaanza kuwawinda wenye simbioti akiamini wote ni uchafu wa kufutwa. Anamuua Scream. Anamuua Hybrid, ambaye ndani yake alikuwamo Scott Washington, mtu aliyekuwa akitumia nguvu zake kuwasaidia watu wa mtaa wake. Nilipolisoma mara ya kwanza nililaani waandishi. Baadaye nikaona lina ukweli wake: imani ya mwaka 1988, "mimi ndiye ninayejua nani hana hatia", haikuwa imekufa. Ilikuwa imepoteza silaha tu. Aliyeanguka baada ya kupanda huumiza zaidi kuliko ambaye hakuwahi kupanda, na msomaji anayekasirika kwa namna hiyo haachi kusoma.

Donny Cates na Ryan Stegman walipompokea mwaka 2018 waligusa jambo ambalo wengine hawakuligusa. Wakampa mtoto, Dylan, ambaye kwanza anadhani ni mdogo wake, kumbe ni mwanawe. Eddie alikuwa amelelewa na baba asiyempenda. Sasa kuna mtu mdogo anamtazama, na kila alichojiambia kuhusu ulinzi wa wasio na hatia kina uso na kinakaa naye chumba kimoja. Neno lake la zamani halikubadilishwa hata herufi. Lilipewa tu mtu ambaye Eddie hawezi kumdanganya.

Nikirudi kwa Chuma, ushauri wangu ni kuiondoa sura ya tisa. Hujachelewa, waambie wasomaji unaichora upya, watafurahi. Mpe imani moja tangu sura ya kwanza, na kwa kazi yake naona ipo tayari: deni ni deni. Aiamini kwa dhati, kwamba yeye si katili, anawafundisha watu kutimiza ahadi. Akivunja mkono avunje kwa adabu, akisema shikamoo kwa mzee wa nyumba kwanza. Halafu mkopeshaji afanye jambo linalovunja sheria hiyohiyo: mtu amelipa, daftari limefutwa, na bosi anamtuma Chuma kudai tena. Hapo Chuma agome, bila kuwa amekuwa mwema. Amekasirika kwa sababu bosi ni mwongo. Wasomaji wako watasimama upande wake siku hiyo, na hujamlainisha hata kidogo.

Ukimaliza hapo, rudi sura ya pili. Kuna fundi cherehani uliyemvunja mkono wa kulia, ukamwacha sakafuni, hukumrudia tena. Huyo ndiye Hugh Taylor wako, ila bahati yako yu hai. Ameshindwa kushona, mashine ameiuza, mkewe anatembeza vitumbua. Chuma hawezi kumlipa kwa kuokoa mtoto wa mtu mwingine. Na kama deni ni deni, anadaiwa. Mfikishe mlangoni kwa fundi akiwa na fedha, na fundi azikatae. Usimpe fundi hotuba. Asiseme amesamehe, na Chuma asilie. Kuanzia hapo utaona mwenyewe sura zinazofuata zinahitaji nini, na katika moja wapo nakuomba umwache arudie kuvunja mkono wa mtu, kwa sababu aliyoiona ni nzuri.

Moto kama unaupenda sana utunze. Ila siku utakapouwasha, ndani awe mkopeshaji.